UZI: Kompresheni ndogo kwenye injini ya rotari (13B na RENESIS): kupima, kusoma namba na kurekebisha

#1 fundi_eksentriki

Wakuu, swali la "rotari yangu haina kompresheni, nifungue injini?" linarudi kila mara, na jibu la kwanza huwa lilelile: tafuta injini nyingine. Kuna injini nzima zimefunguliwa bure, na kuna zilizoendeshwa na dalili zote mpaka sili ikakatika ikakwangua hauzingi (ganda ambamo rota inazunguka). Kote huko tatizo ni kwamba mtu hakupima vizuri, au alipima akashindwa kusoma namba.

Rota moja, yaani kipande cha pembetatu kinachozunguka badala ya pistoni, ina nyuso 3, na kila uso ni chumba chake. 13B (injini ya Mazda RX-7; RENESIS ya RX-8 ni toleo lake) ina rota 2, kwa hiyo ina vyumba 6 vya cc 654 kimoja. Ukiambiwa "rota ya mbele ina 7" bila kuambiwa ni uso upi, hujaambiwa kitu. Unatakiwa uwe na namba 6 pamoja na kasi ya starta wakati wa kupima. Bila hivyo hakuna cha kujadili.

Kinachoziba vyumba hivyo ni sili za aina tatu. Za ncha ziko 3 kwa kila rota, kwenye ncha za pembetatu, na ndizo zinazokwaruza ukuta wa hauzingi. Za pembeni ni 6, vipande vyembamba vilivyopinda ambavyo vinakaa ubavuni mwa rota, 3 kila upande. Za kona ni 6, vijiduara vidogo vinavyounganisha sili ya ncha na sili za pembeni. Zote zina springi nyuma yake. Kompresheni ikipotea, ama sili imechakaa, imekatika, au imegandishwa na kaboni, ama springi imelegea kwa joto, ama sehemu inayosuguliwa imeharibika. Ama injini ni nzima kabisa na kipimo ndicho kibovu, na hilo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Viwango vya RENESIS ya RX-8 kwenye kitabu cha Mazda, starta ikizunguka 250 kwa dakika: injini nzima ni kPa 830 (kilo 8.5 kwa sentimita mraba, ndizo namba fupi za humu, au psi 120). Chini kabisa kinachokubalika ni kPa 680 (kilo 6.9, karibu psi 99). Tofauti kati ya nyuso za rota moja isizidi kPa 150 (kilo 1.5). Tofauti kati ya rota ya mbele na ya nyuma isizidi kPa 100 (kilo 1.0).

Usiishie kwenye ile 680 peke yake. Injini yenye 7.0 nyuso zote sita ina maisha mbele yake. Yenye 8.2, 8.1 na 6.3 ina ugonjwa, hata kama wastani wake ni mzuri zaidi.

#2 Pembetatu

Mkuu hapo kwenye kupima fafanua zaidi, maana wengi wanatumia geji ya injini ya pistoni na wanaondoka na namba ya uongo.

#3 fundi_eksentriki

Kweli kabisa. Geji ya pistoni ina valvu ndogo ya njia moja kwenye ncha ya bomba lake, na kazi yake ni kushikilia presha ya juu kabisa iliyoingia. Kwenye rotari, nyuso tatu zinapita tundu lilelile la plagi moja baada ya nyingine, kwa hiyo geji inashika uso bora na kuficha mibovu miwili. Sili ya ncha inaweza kuwa imekatika na geji ikasoma 7.5 bila aibu.

Ukiwa na geji hiyo tu, toa ile valvu ya njia moja, au bonyeza kitufe cha kutolea hewa muda wote starta inapozunguka. Sindano itarukaruka. Rekodi video kwa simu ukiwa umeweka mwendo wa polepole, kisha isome pigo kwa pigo. Sindano ya geji ina uzito wake na haifiki kileleni kila pigo, kwa hiyo usiamini namba yenyewe. Amini mlinganisho: mapigo matatu sawa, au mawili makubwa na moja dogo, au moja kubwa na mawili madogo.

Kipimo kamili ni cha rotari chenyewe, kile cha kielektroniki kinachotoa namba 3 na kasi ya starta. Kama huna, sensa ya presha ya volti 5 inayofika psi 200 au 300, ikiunganishwa na osiloskopu (kifaa kinachochora mawimbi ya umeme), inafanya kazi ileile. Na inakupa zawadi moja: kila rota hutoa pigo moja kwa kila mzunguko wa shafti, kwa hiyo mapigo kwa dakika ndiyo kasi ya shafti. Mapigo 10 ndani ya sekunde 2.4 ni mizunguko 250. Huhitaji kifaa kingine cha kupimia kasi.

Maandalizi yenyewe ni haya. Injini iwe imefika joto la kazi, karibu nyuzi 80, kisha izimwe. Betri iwe imejaa, na ikiwezekana uiongezee nguvu kwa betri ya pili. Kata petroli na moto: kwenye RX-8, kuchomoa soketi ya sensa ya shafti ya eksentriki kunazima vyote viwili, na kwenye RX-7 chomoa fyuzi za mfumo wa injini. Toa plagi moja kwenye rota unayopima, ya pili ibaki imekazwa. Toa na moja ya rota ya pili ili starta isibebe mzigo bure. Kila rota ipimwe kwenye tundu la aina moja, chini kwa chini au juu kwa juu, usichanganye.

Pedali ya mafuta ikanyagwe mpaka mwisho. Hapa ndipo wengi huteleza: kibao cha hewa kikiwa kimefungwa injini inanyonya ombwe na namba zote zinashuka pamoja. RX-8 inafungua kibao kwa umeme, kwa hiyo toa mpira wa inteki na uhakikishe kwa macho kuwa kimefunguka. Piga starta sekunde 5 hadi 10, andika, ipumzishe, rudia. Vipimo viwili visipofanana, bado hujapima.

#4 Plagi4

Naongezea: fanya haraka. Aluminiamu ikipoa na oili ikateremka kwenye kuta, rota ya pili unayoipima itasoma tofauti na ya kwanza kwa sababu tu umechelewa.

#5 Mzungusho

Wakuu naomba msaada wa kusoma hizi. RX-8, starta 205 kwa dakika.

Mbele: 6.2 / 6.3 / 6.1
Nyuma: 6.3 / 6.0 / 6.2

Fundi amesema injini imekwisha.

#6 fundi_eksentriki

Ndugu Mzungusho, usifungue chochote kwanza. Nyuso sita zinafanana kwa tofauti ya 0.3, na starta inazunguka 205 badala ya 250. Shafti ikienda polepole, hewa inapata muda mrefu zaidi wa kupenya pembeni mwa sili, hivyo namba zote zinashuka kwa pamoja. Kitabu cha huduma kina grafu ya kubadilisha namba kulingana na kasi. Itumie kabla ya kusema lolote.

Kisha tafuta kwa nini starta ni nzito. Weka mita kwenye vichwa vya betri wakati starta inapigwa: ikishuka chini ya volti 9.6, betri ni dhaifu au starta inakula umeme kupita kiasi. Pima kati ya kichwa hasi cha betri na mwili wa injini wakati huohuo: ikizidi volti 0.5, waya wa ardhi umeoza au haujakazwa. Upande wa chanya hivyohivyo, kichwa cha betri na boliti ya starta. Starta za RX-8 za miaka ya mwanzo zilikuwa dhaifu na Mazda ilileta yenye nguvu zaidi baadaye. Kuibadilisha pekee kunaweza kurudisha gari lililokuwa linakataa kuwaka likiwa la moto.

Ukishafika 250, pima upya. Hapo ndipo utajua kama injini imechoka au la.

#7 OiliSafi

Na mnaoishi nyanda za juu zingatieni mwinuko. Hewa ni nyepesi, geji itasoma chini hata kwa injini nzima, na vifaa vingi vinarekebisha kasi lakini havirekebishi mwinuko.

Hesabu ya kukadiria: pwani hewa ina kPa 101, kwenye mita 1,600 ina karibu 83. Chukua kiwango cha chini cha 680, ongeza 101, unapata 781. Zidisha kwa 83, gawanya kwa 101, unapata 642. Toa 83, inabaki 559. Maana yake injini ambayo pwani ingekuwa kwenye mpaka wa 680, huko juu itasoma kama 560 (kilo 5.7). Atakayeihukumu kwa 680 ataifungua injini ambayo bado iko ndani ya kiwango. Tofauti kati ya nyuso hata hivyo haitetewi na mwinuko.

#8 Mzungusho

Nashukuru wakuu. Naanza na waya za ardhi na starta.

#9 bi_hauzingi

Mie naomba tuweke wazi jinsi ya kusoma mpangilio wa namba, maana ndio unaokuambia ubovu uko wapi kabla hujashika spana.

Nyuso mbili ziko chini, ya tatu nzima: sili moja ya ncha, au sili ya kona iliyo kwenye ncha hiyo. Sili ya ncha ni ukuta unaotenganisha vyumba viwili vilivyopakana, ikikatika vyumba vyote viwili vinavuja. Mfano: 7.3 / 4.6 / 4.8. Hiyo mara nyingi ni sili ya ncha iliyovunjika, na pigo linasikika kabisa kwa masikio: fuu... pu-pu, fuu... pu-pu.

Uso mmoja tu uko chini: angalia sili ya pembeni ya uso huo. Kwenye RENESIS hili ni la kawaida sana kwa sababu matundu ya ekzosi yako kwenye sahani za pembeni (kuta bapa zinazofunga rota ubavuni), kwa hiyo sili za pembeni zinapita juu ya moto wa ekzosi kila mzunguko. Mazda walizitengeneza zenye umbo la kabari ili kaboni isizigandishe, ila injini iliyoendeshwa kwa upole mno miaka mingi bado inazigandisha.

Nyuso tatu za rota moja ziko chini sawasawa, rota ya pili nzima: hauzingi ya rota hiyo imechakaa, au sahani zake za pembeni zimelika, au petroli imeosha oili kwenye rota hiyo pekee, pengine injekta inavuja au koili haichomi. Mara nyingi ni ya nyuma, kwa kuwa hupata joto zaidi.

Zote sita ziko chini sawa: kabla ya kulaumu umri, rudi kwenye masharti ya kupima aliyoyaandika fundi hapo #3.

#10 Plagi4

Dada bi_hauzingi umemaliza. Tahadhari moja kwa mafundi waliozoea pistoni: ile mbinu ya kumwaga oili kwenye tundu na kupima tena haina maana ileile hapa. Kwenye pistoni inatenganisha ringi na valvu. Rotari haina valvu. Oili itaziba kila sili na namba zitapanda hata kwa injini mbovu. Kinachokufaa ni kujua kama zitabaki juu baada ya gari kuendeshwa na kufika joto. Zikibaki, tatizo lilikuwa kuta zilizooshwa na petroli. Zikirudi chini, kuna uchakavu.

#11 Sailensa_Tulivu

Wakuu, gari liliwashwa asubuhi, likasogezwa mita chache, likazimwa. Sasa halitaki kuwaka, starta inazunguka kirahisi sana kama hakuna kitu ndani. Kompresheni imekufa ghafla?

#12 Plagi4

Hiyo ni kufurika petroli, mkuu. Injini ya baridi hupewa petroli nyingi. Ukiizima kabla haijapata joto, petroli inabaki chumbani na kuosha oili kwenye sili. Sili kavu haizibi, kompresheni inashuka, injini haiwaki, na kila ukipiga starta unaongeza petroli nyingine.

Kwanza kanyaga pedali mpaka sakafuni ndipo upige starta: kompyuta inakata injekta. Sekunde 10, pumzisha starta dakika moja, rudia. Isipowaka, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, toa plagi zote 4, na upige starta sekunde chache ili petroli itoke kwa matundu. Usisogeze moto wala sigara hapo, na waya za koili ziwe zimechomolewa.

Kisha weka mililita 5 za oili safi ya injini kwa kila uso. Weka kwa sindano kupitia tundu la plagi, zungusha shafti mzunguko mmoja kamili kwa boliti ya puli ya mbele, kuelekea mwendo wa saa, na uso unaofuata utakuwa umefika. Mizunguko mitatu ya shafti ni mzunguko mmoja wa rota, kwa hiyo baada ya mara tatu umemaliza rota hiyo. Piga starta kidogo plagi zikiwa nje, zirudishe zikiwa kavu au mpya, rudisha fyuzi, washa. Litatoa moshi mweupe wa buluu kwa dakika kadhaa. Liache lipate joto kamili kabla ya kulizima.

Plagi zenyewe: za chini na za juu si sawa. RX-8 inatumia NGK RE7C-L chini na RE9B-T juu. Kaza kwa toki ya Nm 13 hadi 17, si zaidi.

#13 Sailensa_Tulivu

Limewaka mkuu kwa hatua ya pili tu, plagi zilikuwa zimelowa chapachapa. Ubarikiwe.

#14 OiliSafi

Sasa ziangalieni na koili. Koili dhaifu haichomi petroli yote, kinachobaki kinaosha oili na kingine kinaungulia kwenye katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi). Katalisti inayeyuka ndani, inaziba, joto la ekzosi linarudi kwenye injini na kulegeza springi za sili. Koili iliyodharauliwa inaishia kuua injini. Ninyi wenye RX-8, gari likifika km 50,000 na koili zilezile, zipimeni au badilisheni zote nne pamoja na waya.

Kupima kuziba kwa katalisti: toa sensa ya oksijeni ya mbele, funga geji ya presha ndogo kwenye tundu lake. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta presha ikizidi kPa 9, au kwa mizunguko 2,500 ikizidi 20, njia imeziba. Ukikuta hivyo, iondoe kabla hujafunga injini mpya, la sivyo injini mpya itakufa kifo kilekile.

#15 Pembetatu

Naomba mzungumzie kusafisha kaboni bila kufungua. Kuna wanaosema inafufua injini na kuna wanaosema ni upuuzi.

#16 bi_hauzingi

Inasaidia pale ambapo sili imegandishwa na kaboni, na hapo tu. Sili iliyokatika au hauzingi iliyomenyeka haiponi kwa dawa yoyote ya chupa, na anayekuuzia hivyo anakula hela yako.

Kabla ya kumwaga chochote, angalia kwa macho. RX-7 ina tundu la ekzosi kwenye hauzingi ya rota, ukitoa manifoldi utaona sili za ncha zikipita. RENESIS ina matundu pembeni, utaona sili za pembeni. Zungusha shafti kwa mkono, kila sili ikifika tundu, isukume taratibu kwa kijiti cha mbao. Nzima inazama kidogo na kurudi yenyewe. Iliyoganda haisogei. Iliyozama ikakataa kurudi, springi yake imekufa au kaboni imeibana chini. Tumia mbao, kamwe si bisibisi.

Ukiona imeganda, weka mililita 15 hivi za ATF, ile oili ya giaboksi ya otomatiki, kwa kila uso kwa utaratibu aliotoa Plagi4, iache usiku kucha, siku inayofuata zungusha kwa mkono mizunguko kadhaa ndipo upige starta plagi zikiwa nje. Ukisahau plagi ndani na chumba kina kimiminika, unaweza kuvunja sili uliyokuja kuiokoa. Weka kitambaa juu ya matundu, maana itaruka. Moshi utakuwa mwingi mno, fanyia nje, na usiendeshe gari mpaka uishe. Kama katalisti ni nzima na unaipenda, itoe kwanza.

Njia nyingine ni maji. Injini ikiwa ya moto kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500, maji safi yanavutwa kidogo kidogo kupitia mpira mwembamba wa vakyumu. Yanageuka mvuke na kupasua kaboni. Mpira uwe mwembamba, na maji yaingie kwa kufyonzwa tone kwa tone. Injini ikianza kukohoa umezidisha.

Baada ya hapo endesha gari vizuri, likishapata joto lipande mpaka mizunguko ya juu mara kadhaa, kisha pima upya. Uso uliokuwa 5.8 ukipanda mpaka 7 na ukabaki hapo, umeokoa injini. Ukibaki 5.8, sasa una uhakika.

#17 Mzungusho

Mrejesho: waya wa ardhi ulikuwa umeliwa na kutu, volti 0.9 zilikuwa zinapotea hapo. Umebadilishwa pamoja na starta. Kasi sasa 255.

Mbele: 7.3 / 7.4 / 7.2
Nyuma: 7.3 / 7.1 / 7.2

#18 fundi_eksentriki

Hongera. Hiyo ni injini ya kutunzwa. Tofauti ni 0.3 juu hadi chini. Badilisha oili mapema, angalia koili na pampu ya oili ya chumbani kama OiliSafi atakavyoeleza, endelea kuendesha.

#19 OiliSafi

Pampu hiyo inachukua oili ya injini na kuitia chumbani kulainisha sili, ndiyo maana rotari hula oili na ni lazima ile. Rotari isiyopunguza oili kabisa ni ya kutiliwa shaka. Kwenye RX-8 za mwanzo kuna nozeli 2 kwa kila rota, kuanzia mwaka wa modeli 2009 ziko 3. Mirija yake mingi inaonyesha ndani: oili inatakiwa isogee injini ikiwaka, vipovu vikubwa vilivyosimama si dalili njema. Nozeli ina valvu ndogo ya njia moja inayoziba kwa uchafu. Itoe, ipulize kwa mdomo: ipitishe upande mmoja tu.

Wengi huongeza oili ya injini za mipigo miwili kwenye tangi, mililita 5 kwa lita ya petroli kama pampu inafanya kazi. Ikiwa pampu imetolewa, mara mbili ya hapo, na usisahau hata tangi moja. Chagua yenye alama ya JASO (kiwango cha Kijapani) FC au FD, inaacha majivu kidogo.

#20 Ncha_Kali

Mimi ndio niko kwenye hali ya 7.4 / 4.7 / 4.9 rota ya nyuma, 13B ya tabo. Nyingine zote 7.5. Nifungue?

#21 bi_hauzingi

Fungua, kaka, na usiliendeshe gari tena. Kipande cha sili ya ncha kinatoka kwa njia ya ekzosi na kupita kwenye tabo, kwa hiyo kagua na gurudumu la tabo kama mapanga yamechomoka. Kila dakika ya kuendesha inaongeza uwezekano wa kupoteza hauzingi na rota, ambazo ndizo ghali. Sili zenyewe si ghali.

Na kabla hujafunga mpya, tafuta kilichovunja ile ya zamani. Kwenye tabo, sili ya ncha hukatwa na mlipuko wa mapema: petroli haitoshi, busti (presha ya hewa ya tabo) imezidi, intakula (kipozeo cha hewa hiyo) imejaa joto, oktani ya chini, au taimingi imesogezwa. Usipokipata, sili mpya itakatika hivyohivyo.

#22 fundi_eksentriki

Ukifungua, vipimo vya kushika ni hivi. Ni vya vitabu vya 13B za RX-7, mwenye RENESIS afuate kitabu chake.

Sahani za pembeni: pitisha kidole halafu pima kwa daili geji. Ngazi iliyochimbwa na sili ikizidi mm 0.10, sahani ikasagwe au ibadilishwe. Kupinda kusizidi mm 0.04, pima kwa rula ya chuma na fila geji, msalaba na kwa urefu. Hapa ndipo injini nyingi za "sili mpya" hushindwa: fundi anaweka sili mpya juu ya sahani yenye ngazi, kompresheni inatoka pale pale.

Hauzingi: ukuta wa kromu. Mwanga wa pembeni utakuonyesha mikwaruzo ya mawimbi na sehemu zilizomenyeka, hasa kingoni na karibu na matundu ya plagi. Ukucha ukikwama kwenye kromu iliyomenyeka, hauzingi hiyo usiirudishe. Upana wake pima kwa maikromita sehemu kadhaa, tofauti isizidi mm 0.06.

Rota: safisha mifereji ya sili mpaka chuma kionekane, bila kuipanua. Sili ya ncha ndani ya mfereji, uwazi usizidi mm 0.15. Uwazi kati ya sili ya pembeni na ya kona: mpya ni mm 0.05 hadi 0.15, mwisho 0.40. Sili za pembeni mpya huja ndefu, unazisugua ncha moja moja kwa jiwe laini mpaka ipatikane 0.05 hadi 0.10. Ni kazi ya subira, kila sili na nafasi yake, na ukishaseti usizichanganye. Ukizidisha kusugua, tupa, chukua nyingine. Sili inayobana bila uwazi ikipata joto itarefuka, itagusa ya kona na kukwama. Hapo umejitengenezea uso mmoja ulio chini.

Springi zote mpya. Raba zote mpya, za oili na za maji. Uchezaji wa shafti kwenda mbele na nyuma uwe mm 0.04 hadi 0.07, usizidi 0.09, unarekebishwa kwa spesa ya mbele. Boliti ndefu zinazoshika injini nzima: kaza kwa hatua, kwa mpangilio wa kitabu, mpaka Nm 32 hadi 39. Nati ya flaiwili ni ya spana 54, Nm 390 hadi 490, kwa hiyo andaa kishikizo cha flaiwili mapema.

#23 Ncha_Kali

Sili za chuma laini za watengenezaji wengine zikoje? Wanasema hazikatiki.

#24 bi_hauzingi

Kwa tabo zina faida: zikipigwa na mlipuko wa mapema zinapinda badala ya kupasuka, hivyo hauzingi mara nyingi inapona. Gharama yake ni kwamba baadhi huchakaa haraka au hula kromu zaidi, na kuwaka kwa mara ya kwanza kunaweza kuwa kugumu mpaka zikae. Gari la barabarani lenye busti ya kiwandani linaridhika na za Mazda. Ukipandisha busti, fikiria hizo laini, na uongeze oili ya mipigo miwili kwenye petroli bila kukosa.

#25 Ncha_Kali

Sawa. Baada ya kufunga nitegemee namba gani?

#26 fundi_eksentriki

Usishtuke ikisoma 6 siku ya kwanza. Sili mpya kwenye hauzingi iliyotumika inahitaji kusuguana mpaka ikae, na mpaka hapo kuwaka injini ikiwa ya moto kunaweza kusumbua. Iendeshe bila busti, badilisha mizunguko mara kwa mara, usikae kwenye kasi moja, usizidi 4,000 kwa km 1,500 za mwanzo. Badilisha oili na filta mapema, kwenye km 300 hivi, kisha tena mwisho wa kipindi hicho. Weka geji ya joto la maji ya kweli, kwa sababu ile ya dashibodi hukaa katikati mpaka umechelewa. Likivuka nyuzi 110, simama.

Pima siku ya kwanza, pima kwenye km 500, pima kwenye 1,500, kila mara kwa masharti yaleyale na kasi ya starta imeandikwa pembeni. Namba zikipanda pamoja, kazi imekaa. Uso mmoja ukibaki nyuma wakati wenzake wanapanda, rudi kwenye sili ya pembeni ya uso huo kabla hujafungulia busti.